Charles Broley, Mstaafu wa Benki Aliyehesabu Makinda ya Tai

Mwaka 1938 meneja mmoja wa benki mjini Winnipeg, nchini Kanada, alikabidhi ofisi na kustaafu. Jina lake Charles Lavelle Broley, mzaliwa wa jimbo la Ontario mwaka 1879. Alikuwa anakaribia miaka 60, umri ambao wastaafu wengi hutafuta kivuli na kiti cha kupumzikia. Yeye alianza kupanda miti.

Katika miaka ishirini iliyofuata, mzee huyo alivisha pete makinda zaidi ya 1,200 wa tai wenye vichwa vyeupe katika jimbo la Florida nchini Marekani. Kabla yake, tai wote wa aina hiyo waliowahi kuvishwa pete tangu kazi hiyo ianze walikuwa 166 tu. Hata hivyo, sifa yake kubwa haikutokana na wingi wa pete. Ilitokana na hesabu aliyoitunza kwa uaminifu mwaka baada ya mwaka katika pwani ileile, kwani ndiyo iliyoonyesha mapema, kabla maabara yoyote haijasema neno, kwamba ndege aliye nembo ya Taifa la Marekani alikuwa ameacha kupata watoto.

Msomaji aliyewahi kukaa kandokando ya Ziwa Victoria au Ziwa Naivasha anamfahamu furukombe, tai wa kichwa cheupe anayeopoa samaki kwa kucha na kulia kwa sauti inayovuka maji. Tai wa Marekani anafanana naye kwa sura na kwa maisha, ila ni mkubwa zaidi. Amekuwa katika nembo ya nchi ile tangu mwaka 1782, lakini heshima hiyo haikumkinga na bunduki. Wafugaji walimpiga kwa kumshuku kuwa anaiba wana-kondoo, na wavuvi kwa kumshuku kuwa anamaliza samaki. Huko Alaska, serikali ya eneo hilo ililipa zawadi ya fedha kwa kila tai aliyeuawa kuanzia mwaka 1917, na zaidi ya tai 100,000 walilipiwa kabla ya utaratibu huo kufutwa mwaka 1953. Sheria ya kumlinda ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1940, nayo mwanzoni haikuihusu Alaska.

Broley alikuwa mpenzi wa ndege tangu alipokuwa Winnipeg, ambako alishiriki katika shughuli za chama cha wapenda viumbe wa jimbo la Manitoba. Baada ya kustaafu, yeye na mkewe Myrtle walipanga kukaa Ontario wakati wa kiangazi na kwenda Florida kukwepa baridi. Akiwa njiani kuelekea kusini alikutana na Richard Pough, ofisa wa Chama cha Kitaifa cha Audubon, chama kinachojishughulisha na uhifadhi wa ndege. Pough alimweleza kwamba hakuna aliyejua makinda wa tai wa Florida huenda wapi wakishatoka kiotani, akamwomba ajaribu kuwavisha pete wachache. Huenda alifikiri mzee huyo angetafuta kijana wa kumpandia. Msimu wa kwanza, mwaka 1939, Broley alivisha pete makinda kadhaa kwa mikono yake mwenyewe, na kuanzia hapo hakuacha.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Tai wa Florida hujenga juu ya misonobari mirefu, ambayo mara nyingi haina tawi hadi karibu na kilele, na wengine hujenga kwenye mikoko ya ufukweni. Viota huongezwa vijiti kila mwaka hadi vinakuwa kama banda lililopandishwa mtini. Kimoja cha jirani na mji wa St. Petersburg, kilichopimwa mwaka 1963, kilikuwa na upana wa karibu mita 3 na kina cha mita 6, na uzito wake ulikadiriwa kuzidi tani mbili. Broley alitupa risasi ya kuvulia samaki iliyofungwa uzi juu ya tawi la kwanza, akauvuta kwa uzi huo mkanda mzito zaidi, kisha kamba, na mwisho ngazi ya kamba aliyoitengeneza mwenyewe. Alipofika chini ya kiota alikuwa bado na tatizo, kwa sababu kiota kilikuwa kipana kuliko mikono yake na ilimbidi azunguke ukingo akining'inia. Aliendelea na kazi hiyo hata baada ya kupita miaka 70.

Ndani ya kiota alikuta kwa kawaida kinda mmoja au wawili, wakubwa kama jogoo, wenye kucha zilizokwisha komaa. Aliwavisha mguuni pete yenye namba iliyotolewa na idara ya serikali ya Marekani inayosimamia wanyamapori, akaandika namba hiyo, mahali na tarehe, akashuka. Mtu yeyote aliyeokota tai aliyekufa au kujeruhiwa aliombwa kuituma namba hiyo serikalini. Kwa njia hiyo, taarifa zilianza kurudi, nazo ziliwashangaza wataalamu. Makinda wa Florida, ambao huanguliwa katikati ya msimu wa baridi, walikuwa wakiruka kwenda kaskazini miezi michache tu baada ya kujifunza kuruka, wakifuata pwani hadi Kanada. Baadhi ya pete ziliokotwa hadi kisiwa cha Prince Edward. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba tai wa Florida ni wakazi wasiohama.

Ugunduzi huo peke yake ungetosha kumpa mstaafu yeyote jina. Magazeti yalimwandika, naye alialikwa kutoa mihadhara na kuonyesha filamu alizopiga juu ya miti. Myrtle aliandika kitabu kuhusu maisha yao na tai, kilichotoka mwaka 1952. Lakini wakati kitabu hicho kikisomwa, daftari la mumewe lilikuwa tayari linasema jambo jingine.

Inafaa kueleza hapa namna alivyohesabu, maana ndipo ulipo uzito wa habari yake. Broley alichagua kipande cha pwani ya magharibi ya Florida, kati ya Tampa na Fort Myers, akarudi humo kila msimu. Hakwenda tu pale alipotarajia kupata makinda. Alitembelea viota vyote alivyovijua, akaandika kila kimoja kimeishia wapi: kama kina wazazi, kama kina mayai, kama mayai yameanguliwa, na kama makinda wamefikia umri wa kuvishwa pete. Kiota kitupu kilipata mstari wake daftarini sawasawa na kiota chenye makinda wawili. Pengine ni mazoea ya benki, ambako akaunti isiyo na fedha nayo huandikwa. Wapo wavisha pete wengi ambao wangekipita kiota kitupu na kukisahau, kwa kuwa hakina wa kuvishwa.

Katika miaka yake mizuri kipande hicho kilikuwa na viota hai karibu 125, na makinda wapatao 150 walivishwa pete kila mwaka. Mwaka 1947 idadi ya makinda ilianza kushuka. Baadhi ya viota havikuwa na mayai kabisa. Vingine vilikuwa na mayai yaliyoatamiwa wiki baada ya wiki bila kuanguliwa. Mwaka uliofuata hali haikurekebika, wala uliofuata huo. Kati ya mwaka 1952 na 1957, karibu asilimia 80 ya viota alivyovichunguza havikutoa kinda hata mmoja. Katika mwaka wa mwisho wa kipindi hicho viota 43 tu vilikuwa na tai. Saba kati yake vilitoa makinda wanane. Vingine 23 vilikuwa na mayai yasiyoanguliwa, na 13 vilitumiwa na tai wazima kama mahali pa kulia samaki tu. Mwaka 1958 mzee huyo, akiwa na miaka 78, alisafiri zaidi ya kilomita 160 za pwani kabla ya kupata kinda mmoja wa kumvisha pete.

Swali la sababu lilimsumbua kwa miaka. Mwanzoni alifikiria yale aliyoyaona kwa macho: vimbunga vilivyoangusha miti yenye viota, misonobari iliyokatwa kupisha nyumba, na watu waliosogea karibu mno wakati wa kuatamia. Sababu hizo zilikuwa za kweli, na baada ya Vita Kuu ya Pili pwani ile ilijengwa kwa kasi kubwa. Lakini hazikueleza kwa nini tai waliojenga mahali palipotulia, juu ya mti uliosimama imara, waliketi juu ya mayai hadi msimu ukaisha. Kilichokuwa kimeongezeka Florida tangu mwaka 1945 ni unyunyiziaji wa DDT, dawa ya kuua wadudu iliyotumika sana kupambana na mbu kwenye madimbwi na mikoko. Tai hula samaki, na samaki walikuwa wakiishi katika maji hayo. Broley alianza kusema waziwazi, na mwaka 1958 aliandika katika jarida la Chama cha Audubon, kwamba dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwafanya tai kuwa tasa.

Hakuwa na shahada ya kemia, hakuwa na maabara, na wapo wataalamu walioona kwamba anaruka mbali mno kutoka kwenye hesabu za viota hadi kwenye shutuma dhidi ya dawa iliyosifiwa duniani kote. Mswisi Paul Müller, aliyegundua uwezo wake wa kuua wadudu, alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Tena watu bado walikuwa wakiwaona tai angani. Kama tai wapo, tatizo liko wapi?

Jibu la swali hilo liko katika maisha ya ndege mwenyewe. Tai huyu hupata kichwa cheupe akiwa na miaka minne au mitano, na anaweza kuishi miaka 20 au zaidi. Jozi isiyopata makinda huendelea kuonekana kiotani mwake kwa miaka mingi, ikikarabati vijiti na kuvua samaki, huku hakuna wa kuirithi. Anayehesabu tai wazima peke yao atapata faraja isiyo na msingi hadi siku wazee watakapokufa karibu pamoja. Wakati Broley akihesabu viota kule kusini, mlinzi wa hifadhi ya Hawk Mountain katika jimbo la Pennsylvania, Maurice Broun, alikuwa akihesabu tai wanaopita mlimani kila vuli. Kati ya mwaka 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai aliowaona walikuwa wachanga. Kati ya mwaka 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20, na mwaka 1957 alipita kinda mmoja kwa kila tai wazima 32. Hesabu mbili zilizofanyika mbali mbali, kwa njia tofauti, zilikuwa zimekutana.

Broley hakuishi kuona hoja yake ikikubaliwa. Myrtle alitangulia kufariki, na mwezi Mei mwaka 1959 yeye mwenyewe alifariki huko Delta, Ontario, akijaribu kuzima moto wa vichaka karibu na nyumba yake. Alikuwa na miaka 79.

Takwimu zake zilipata msomaji aliyejua namna ya kuzitumia. Rachel Carson alikuwa mwanabiolojia aliyefanya kazi serikalini kwa miaka mingi, na hadi alipoacha utumishi mwaka 1952 alikuwa mhariri mkuu wa machapisho ya idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu madhara ya viuatilifu, aliweka hesabu za Broley na za Broun mbele ya umma, kiota kwa kiota. Kitabu kiliibua mjadala mkali, na Rais John F. Kennedy aliagiza kamati yake ya washauri wa sayansi ichunguze suala hilo.

Kilichobaki ni kujua dawa inaliharibuje yai. Jambo hilo lilifafanuliwa kwanza Uingereza. Derek Ratcliffe, aliyekuwa akifuatilia viota vya kozi, aliona mayai yaliyopasuka kiotani kwa wingi usio wa kawaida. Alipima mayai yaliyohifadhiwa na makumbusho na wakusanyaji tangu zamani, na mwaka 1967 akachapisha matokeo: magamba yalikuwa yamekuwa membamba tangu miaka ya mwisho ya 1940. Mwaka uliofuata Wamarekani Joseph Hickey na Daniel Anderson walionyesha jambo hilohilo kwa ndege wawindaji wa nchi yao, wakiwemo tai wa Florida, na upungufu ulianzia mwaka 1947. Ni mwaka uleule ambao makinda walianza kupungua katika daftari la Broley. Masalia ya DDT mwilini mwa jike huvuruga upatikanaji wa chokaa ya kutengenezea gamba, na yai jembamba hukauka au kuvunjika chini ya uzito wa mzazi anayeliatamia. Kwa hiyo dhana ya Broley kwamba tai wamekuwa tasa haikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa wengi walitaga. Mshtakiwa, hata hivyo, alikuwa yuleyule.

Serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1972. Kwa upande wetu, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoridhia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao umeizuia dawa hiyo isipokuwa kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa kama malaria, chini ya masharti. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa kupulizia kuta za ndani ya nyumba si sawa na kumwaga dawa kwenye maji yenye samaki.

Idadi ya tai haikupanda kwa siku moja baada ya marufuku. Kumbukumbu za serikali ya Marekani zinaonyesha jozi 417 tu zilizojulikana kuwa na viota mwaka 1963 katika majimbo 48 ya bara, na Florida ilipoanza ukaguzi wake rasmi wa viota kwa ndege ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipata viota hai 88 katika jimbo zima. Hapo kipimo cha Broley kikawa kipimo cha serikali. Wataalamu waliochambua takwimu za maeneo kadhaa walikadiria kwamba idadi ya tai hubaki palepale ikiwa kila jozi yenye kiota inapata kwa wastani kinda 0.7 kwa mwaka, na kwamba angalau nusu ya viota vinapaswa kufanikiwa. Chini ya hapo jamii inakufa polepole hata kama anga limejaa tai. Mipango ya kurejesha ndege hao iliweka lengo la juu zaidi, yaani kinda mmoja kwa kila jozi. Wakaguzi huruka mara mbili katika msimu, kwanza kuona viota vipi vina wazazi, kisha kuona vipi vina makinda walio tayari kuruka. Kuruka mara ya pili tu kungeficha viota vilivyoshindwa mapema.

Florida ilipopata nafuu, ikasaidia wengine. Katika miaka ya 1980 kituo cha Sutton cha jimbo la Oklahoma kilichukua mayai kutoka viota vya Florida mwanzoni mwa msimu, wakati jozi nyingi bado ziliweza kutaga tena, kikayaangua na kuwalea makinda kwa kuficha sura za walezi. Zaidi ya tai 200 waliachiwa kwa njia hiyo katika majimbo ya kusini ambako walikuwa wametoweka. Kufikia mwanzoni mwa karne hii viota hai vya Florida vilikuwa vimevuka 1,000.

Mwaka 2007 tai huyo aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini, makadirio yakiwa jozi 9,789 katika majimbo 48. Sheria inataka kiumbe aliyeondolewa aendelee kufuatiliwa kwa angalau miaka mitano. Kwa tai, mpango uliwekwa wa miaka 20. Tathmini iliyotangazwa mwaka 2021, kutokana na takwimu za mwaka 2018 na 2019, ilikadiria jozi zenye viota kuwa zaidi ya 71,000.

Huko Florida, tangu mwaka 1992, sehemu ya ufuatiliaji inafanywa na raia wanaojitolea chini ya tawi la Audubon la jimbo hilo. Hawapandi miti. Wanasimama mbali na darubini na kujaza fomu: wazazi wapo au hawapo, wanaatamia au la, makinda wangapi, walioruka wangapi. Na mwaka 2022, wakati homa ya mafua ya ndege ilipoenea Marekani, ni hesabu za viota za pwani ya Georgia na Florida zilizoonyesha kwamba msimu huo jozi nyingi kuliko kawaida zilishindwa kulea makinda, ilhali tai wazima walikuwa bado wanaonekana kila asubuhi juu ya maji.